Fundi wa Mama Mkwe

Pikapu yetu ilianza kulia kwenye mteremko wa Karuzi. Haikuwa injini, maana injini ya gari lile haikuwa na neno. Ni mlio mwembamba uliotoka nyuma, chini ya bodi, kama mtu anayepiga mluzi na uji mdomoni. Nikipunguza mwendo, unapungua. Nikikanyaga mafuta, unapanda. Nikafanya kile ambacho mwanamume yeyote mwenye akili timamu angefanya: nikaongeza sauti ya redio.

Redio ilinisaidia miezi mitano. Mimi ni seremala. Mbao nazitoa Bukirasazi, vitanda na milango nachonga nyumbani Gitega, na wateja wangu wakubwa wako soko la Muyinga. Kwa hiyo kila wiki nilipakia, nikafunga kamba, nikawasha redio, nikaenda. Nilikuja kuzijua kwa moyo kaswida zote za kanda iliyokuwamo ndani yake, na watu wa njiani wakaniona mcha Mungu.

Gari lenyewe si langu. Lilikuwa la marehemu baba mkwe, mfanyabiashara wa Muyinga aliyelitumia kubeba mchele na vitambaa kutoka upande wa Tanzania. Kubwa, zito, lina matairi ya lori na bodi ya chuma inayomeza vitanda sita bila kulalamika. Alipofariki, mama mkwe alituita mimi na binti yake, tukiwa na miezi mitatu tu ya ndoa, akatukabidhi funguo. Hakutoa hotuba. Alisema tu tulichunge.

Hapo sasa niwaeleze mimi na mama mkwe tulivyokuwa tunaishi. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Humkodolei macho, huketi naye mkeka mmoja, huli mbele yake ukaachama mdomo. Na zaidi ya yote, humpelekei habari mbaya. Akikuuliza jambo unajibu, "Ndiyo, mama." Likikuzidi, unasema, "Iko sawa." Katika miaka minne ya ndoa nilikuwa nimemwambia maneno hayo mawili tu, kwa zamu, na nilijiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa mikoa ya Muyinga na Gitega kwa pamoja.

"Gari iko namna gani, mukwe?" alikuwa akiuliza kwa simu kila Ijumaa.

"Iko sawa, mama."

Siku moja akampigia mke wangu. Kulikuwa na tajiri mmoja Muyinga aliyelitaka lile gari, tena haraka. Mke wangu aliweka simu kwenye spika, nami nikasikia kila neno nikiwa nimesimama na randa mkononi.

"Kama iko nzima, ikae kwenu, mufanye kazi yenu," alisema mama mkwe. "Kama iko nakufa, muniambie, niiuze ingali inatembea. Mi sitaki kupigiwa simu siku moja, naambiwa imekufia barabarani. Hiyo simu nilishapigiwa mara moja. Nakuja Ijumaa kuiona na macho yangu."

Bila pikapu ningerudi kule nilikoanzia, kufunga kitanda kimoja kwenye baiskeli na kukisukuma mlimani huku nikijuta kuzaliwa. Nikapiga hesabu upesi. Mlio unatoka kwenye ponti ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ambalo sisi tuliokulia Tanzania tunaliita difu. Difu likilia, huenda mafuta yake yamechoka. Yakimwagwa yakawekwa mapya, mazito, pengine litanyamaza. Hata likinyamaza kwa wiki moja tu, Ijumaa itakuwa imepita.

Kwa nini nisilipeleke gereji? Kwa sababu naijua Gitega. Fundi akifungua gari lako asubuhi, Muyinga wanajua kilichomo kabla ya adhuhuri. Nami nilijiamini. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla wazazi wangu hawajarudi kulima Butihinda, tulipakana na mtu aliyetengeneza malori, na likizo zangu zote nilizimaliza nimechuchumaa kwake nikitazama. Kutazama nilitazama sana. Kushika spana ndiyo sikuwahi kupewa.

Wiki hiyo mazutu, yaani dizeli, ilikuwa imeadimika, kila gari limelala kwao, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona langu limelala kwangu. Alhamisi asubuhi nikalizungusha mtaani mara mbili kwa tone lililobaki ili mafuta ya ponti yapate joto yawe mepesi, nikaliegesha uani palipo tambarare, nikayatia magurudumu kabari za mbao. Mbao ndiyo kitu pekee ambacho sikukosa. Nikatandaza pumba za msumeno kunyonya kitakachomwagika, nikalaza ubao wa kulalia, nikachukua beseni la kwanza nililoliona jikoni. Halafu nikavua kanzu na suruali nikavaa kaptula yangu ya ujana, ya mpira wa miguu, ambayo upande wa nyuma ilikuwa imebaki jina tu.

Mke wangu alikuwa barazani na cherehani yake. Alinitazama nikiingia uvunguni, akatikisa kichwa, akaendelea kushona.

Chini ya ponti kuna kizibo cha kumwagia. Kwa ubavuni, juu zaidi, kuna kingine cha kujazia. Nilikishika cha chini kwa spana, nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu, nikajikaza kisabuni, kikalegea. Mafuta yakashuka meusi tii, mazito, yananuka kama mayai yaliyosahauliwa. Nilifurahi mno. Nilijiambia kumbe ufundi wenyewe ndio huu, watu wanatutisha bure.

Kisha nikaangalia ncha ya kizibo, penye sumaku. Palikuwa na matope ya chuma laini, hayo ni ya kawaida, nilishayaona kambini. Lakini katikati ya matope kulikuwa na vipande viwili, vikali, vinang'aa, kila kimoja ukubwa wa punje ya mchele. Hivyo havikuwa vya kawaida. Hayo yalikuwa meno ya gia yakivunjika taratibu. Nikabaki mle chini nimekishika kile kizibo kiganjani, na furaha yote ikaniishia.

Ndipo nikasikia mlangoni, "Hodi! Asalaam aleikum!"

Cherehani ikanyamaza.

"Mama!" mke wangu alisema. "Si ulisema kesho?"

"Nilipata lori yenye iko na mazutu. Mazutu ikipatikana, we unauliza kama ni leo ao kesho?"

Jamani, jiwekeni mahali pangu. Nimelala chali, miguu nimeielekeza mlangoni, nimevaa kaptula ambayo nimeshawaeleza habari zake, na anayeingia ni mama mkwe. Nilikunja magoti na kujivuta ndani kama kobe. Kutoka sikuweza. Kusalimia nikiwa vile sikuweza. Kuna watu wamevunja undugu kwa mambo madogo kuliko hayo.

"Mukwe iko wapi?" aliuliza mama mkwe.

Mke wangu ni mwanamke mkweli, na nilimsikia akihangaika kama anayetafuta sindano gizani.

"Ametoka kidogo," alisema. "Ule chini ya gari ni fundi."

Basi nikawa fundi.

"Fundi, salama?"

"Salama, mama," nilijibu kwa sauti nzito ambayo hata mimi sikujua ilikuwa imehifadhiwa wapi. Nilijua pia kwamba lazima niseme kama watu wa hapa. Mke wangu hunicheka kwamba nina Kiswahili cha Tanzania hata usingizini, kwamba mtu akinikanyaga mimi ndiye naomba samahani. Nikaapa kutosema samahani hata gari likinidondokea.

Nilitegemea ataingia ndani apumzike. Wapi! Aliomba kigoda akakiweka karibu kabisa na gurudumu la nyuma, akaketi, akaagiza chai yake na ya fundi. Kutoka nilipolala niliona viatu vyake vyeusi vyenye vumbi la safari, na pindo la gauni.

"Uko nafanya nini humo, fundi?"

"Vidanji ya ponti, mama," nilijibu, maana ndivyo wanavyoita hapa kubadilisha mafuta.

"Ah, ponti. Bon. Ulifungua bushoni ya juu kwanza?"

Macho yangu yalikwenda kwenye kizibo cha juu, cha kujazia, kilichoota kutu na kutulia pale kana kwamba kilizaliwa na ponti yenyewe. Sikuwa nimekigusa.

"Fundi?"

"Nimeanza na ya chini, mama."

"Yoo! Nani alikufundisha kazi? Ya juu ndiyo inafunguliwa ya kwanza! Ikikataa, unaacha mafuta ya zamani ndani, gari inatembea inaenda gereji. Sasa umekwisha kumwaga. Ikikataa utaingizia wapi, kwa mdomo?"

Hakukuwa na mdomo wa kuingizia. Nilikivamia kile kizibo kwa spana, kikanitazama. Nikaongeza bomba, kikaendelea kunitazama. Kijasho kilinitoka mpaka kikaingia machoni, na viatu vyeusi vilikuwa vimetulia palepale, vinanisikiliza nikihema.

"Wacha nguvu," alisema mama mkwe. "Bwana yangu alikuwa anafanya vidanji nyumbani miaka yote, na mi ndiyo nilikuwa namupa funguo ya kufungulia bushoni. Chukua nyundo. Piga juu yake kidogo kidogo, si kwa hasira. Piga kama unabisha hodi kwa watu unawaheshimu."

Nikapiga hodi. Yeye akamwita binti yake alete birika la chai, lile lile lililokuwa likisubiriwa, lakini maji tu, bado hayajatiwa majani. Mkono wake ukaingia uvunguni na birika, pete ya fedha kidoleni, ukaniwekea karibu na sikio bila kutazama. Nikamwagia maji ya moto, nikapiga hodi tena, nikavuta. Kizibo kikalia kama mlango wa zamani, kikazunguka. Nilitaka kupiga vigelegele lakini nikakumbuka kwamba fundi wa kweli huwa hashangai kizibo kikifunguka.

"Umeona?" alisema, na nilisikia anatabasamu. "Sasa leta beseni nione hiyo mafuta."

Nikalisukuma beseni nje. Mke wangu akapiga ukelele. Lilikuwa beseni lake la kuoshea mchele.

"We fundi! Hiyo beseni ulipewa na nani?"

"Na bwana wa nyumba, mama."

"Akirudi tutaongea naye," alisema mke wangu, akaingia ndani akiburuta ndala kwa namna ninayoifahamu.

Mama mkwe akainama juu ya beseni. Nilimwona uso kwa mara ya kwanza siku hiyo, upande upande, kati ya gurudumu na bodi. Alikunja macho, akasogeza kichwa nyuma, akakisogeza mbele.

"Macho yangu haioni vizuri karibu," alisema. "We niambie. Iko na chuma ndani?"

Kizibo chenye sumaku kilikuwa bado kiganjani mwangu. Ningekipangusa kwenye kaptula, ingechukua pumzi moja. Neno nalo lilikuwa tayari limekaa ulimini, nimelizoea, ni jepesi kuliko yote ninayoyajua. Ningelisema kwa sauti ya fundi, angeamini, na gari lingebaki kwangu.

Nadhani alisikia nasitasita, maana hakungoja.

"Niambie kweli, fundi. Mukwe yangu namuuliza kila Ijumaa, anasema iko sawa. Kijana wa heshima, mi namupenda, lakini ni iko sawa tu, iko sawa tu. Bwana yangu pia ndiyo alisema hivyo. Siku ile alishika kifua hapa," na viatu vikasogea kidogo, nafikiri alikuwa anajionyesha kifuani, "nikamuuliza, we uko namna gani? Akasema iko sawa, akapanda hii gari, akaenda. Simu ilinikuta niko napepeta mchele. Watu ya mbali walijua mbele yangu. Mi mwenye nilikuwa namupa funguo, nikajua wa mwisho."

Sikuwa nalijua hilo. Nilijua tu kwamba alifariki safarini. Nililala pale, tone la mwisho la mafuta likining'inia juu ya shavu langu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe kila Ijumaa nilipokuwa najiona mkwe bora, nilikuwa namrudisha kwenye siku ile mumewe alipomwambia hivyo hivyo.

"Iko na chuma, mama," nilisema. "Vipande viwili. Meno ya ndani iko navunjika."

Nikaona afadhali nimalize.

"Itafika Muyinga na kurudi. Itafika mara nyingi. Lakini ikibebeshwa sana kwa milima, itakufa. Sijui lini."

"Mukwe yangu anajua?"

Nikafumba macho. "Anajua. Inalia tangu miezi mitano."

"Na kwa nini hasemi?"

"Anakuogopa, mama. Na anaogopa utaiuza."

Mtaa wote ulikuwa unaendelea na shughuli zake, mtu anakoboa kahawa, mtoto anaitwa na mama yake, na sisi wawili tulikuwa kila mmoja upande wake wa gurudumu.

"Asante, fundi," alisema mwishoni, kwa upole. "We hunijui, na umenambia."

Hilo ndilo lililonitoa. Ningekubali matusi. Ningekubali auze gari siku ile ile. Lakini kushukuriwa kwa niaba ya mtu asiyekuwepo, hapana, roho ilikataa. Nikapiga moyo konde, nikajisukuma kwa visigino, nikatokea uvunguni kichwa kikitangulia: pumba za mbao nyweleni, uso mweusi kwa mafuta, na kaptula ile mbele ya Mungu na mama mkwe.

"Samahani, mama," nilisema. "Ni mimi."

Mpaka leo sijui kama alishtuka. Mke wangu anashikilia kwamba alinitambua tangu salamu ya kwanza, mimi nashikilia kwamba hapana, na hakuna hata mmoja wetu mwenye ubavu wa kumwuliza. Ninachokumbuka ni kwamba aligeuza uso pembeni papo hapo, kama heshima inavyotaka, akavua kitenge begani na kunirushia bila kutazama. Nikajifunga kiunoni. Kilikuwa kipya, cha rangi ya machungwa, na mikono yangu ikakiharibu palepale. Ndipo akageuka na kunyoosha mikono yote miwili anisalimie. Nilirudisha yangu nyuma, nikamwonyesha mafuta. Yeye akaifuata huko huko nyuma, akaishika, akaikamata mpaka viwiko, tukasalimiana salamu nzima: habari za safari, za Muyinga, za wazazi wangu Butihinda, hakuruka hata moja.

"Sasa niambie vizuri," alisema, akarudi kigodani. "Kuanzia mwanzo."

Nikamwambia kuanzia Karuzi. Nikamwambia habari za redio, akacheka mpaka akashika kifundo cha mguu. Nikamwambia gia zinaweza kubadilishwa, kwamba zilizotumika hupatikana, kwamba mpaka zipatikane nisipakie vitanda sita bali vitatu, na mteremkoni nisilikimbize. Nilikuwa sijawahi kumwambia sentensi yenye "bali" ndani yake. Alisikiliza zote.

Nilipangusa kizibo cha chini nikakirudisha, kisha tukajaza mafuta mapya pamoja. Nilikuwa nimeosha chupa ya gundi ya mbao yenye mdomo mwembamba. Yeye alikaa nje akijaza chupa kutoka kwenye dumu nililonunua jana yake, mimi chini, nikikamulia kwenye tundu la juu, nikimrudishia tupu, akinipa iliyojaa. Hakunipa hata moja kabla sijanyoosha mkono, wala hakuchelewa. Mafuta yalipoanza kufurika nikamwambia yametosha, akaniambia nitie kidole nihakikishe, nikatia, yalikuwa yamefika. Nikafunga na kizibo cha juu, nikakusanya spana.

Nilipotoka alikuwa amesimama, anapangusa vidole kwa pumba za mbao, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alikuwa anaongea na yule tajiri wa Muyinga. Yule bwana alikuwa na sauti ya sokoni, hakuhitaji spika.

"Haiuzwi," mama mkwe alisema. "Hapana, sikatai bei. Iko na ugonjwa kwa ponti. Tutaitibu pole pole. Ikikataa, basi, itakufia kwetu, na mi nitakuwa najua."

Tajiri akauliza ni fundi gani amempa habari hizo, mafundi wa Gitega ni waongo.

"Si fundi. Fundi hakuja leo," alisema mama mkwe. "Ni mtoto yangu amenambia."

Nikageuka kumtafuta mke wangu nyuma yangu. Hakuwepo, alikuwa ndani anapika. Pale uani tulikuwa wawili tu.